Mzee Daudi Abdallah Susi: Mkata Miti wa Shupanga

Miongoni mwa watu waliotangulia kuitwa Wakristo katika mji wa Unguja, kabla makanisa ya Kilutheri hayajaota mizizi katika pwani ya Tanzania, yuko mmoja ambaye jina lake husomwa mara nyingi lakini maisha yake hayajulikani. Jina lake la mwanzo lilikuwa Abdallah Susi. Hakuwa mchungaji wala mwalimu. Alianza kazi kwa shoka na akaishia kuwa kiongozi wa misafara, na kazi ya miti ilimfuata tangu ujana wake hadi uzee wake. Dunia inamkumbuka kwa sababu ya kifo cha mtu mwingine, Dk. David Livingstone, ila Susi aliishi miaka 18 baada ya kifo hicho, na miaka hiyo nayo inastahili kuandikwa.

Kwao ni Shupanga, mahali palipo ukingoni mwa mto Zambezi upande wa chini, katika nchi iitwayo leo Msumbiji. Mahali hapo palikuwa kituo cha msafara wa Livingstone katika miaka ya mwanzo ya 1860. Hapo ndipo mke wake, Mary, alipofariki kwa homa mwezi Aprili 1862 akazikwa chini ya mbuyu, na hapo ndipo vipande vya meli ya Lady Nyassa, vilivyoletwa kutoka Uingereza, viliunganishwa hadi meli ikashushwa majini mwaka huo huo. Mwaka 1863 Susi na mwenzake Amoda waliajiriwa hapo Shupanga kwa kazi ya kukata kuni za meli ya Pioneer.

Kazi hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Meli za mvuke za siku zile zilikula kuni bila kushiba. Miti ya bonde la Zambezi na Shire mingi ni migumu, na mpingo wenyewe, ambao leo mafundi wa kuchonga huununua kwa bei kubwa, ulitupwa motoni kama kuni za kawaida. Mkata kuni alipaswa kujua mti upi unashika moto vizuri na upi unavunja shoka bure, na meli isiyo na kuni ilikuwa meli iliyosimama. Huko ndiko Susi alikojifunza miti.

Msafara wa Zambezi ulipovunjwa, Livingstone hakutaka Lady Nyassa iangukie mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Aliifikisha Unguja, na tarehe 30 Aprili 1864 akang'oa nanga kwenda Bombay akiwa na Wazungu watatu, watu saba wa Zambezi na wavulana wawili, Chuma na Wikatani, waliokuwa wamekombolewa katika utumwa. Makaa ya mawe yalikuwa kidogo sana, na masika ya bahari ya Hindi yalikuwa yanakaribia. Watu wa mtoni waligeuka mabaharia. Siku 45 baadaye waliingia bandari ya Bombay. Livingstone alikwenda kwao Uingereza; wavulana waliwekwa shule; Susi na Amoda wakapata kazi bandarini.

Livingstone aliporudi Bombay aliwakuta wapo tayari kufuatana naye. Mwezi Januari 1866 walitua Unguja kwa meli ya Thule, iliyokuwa zawadi ya serikali ya Bombay kwa Seyyid Majid. Kwa hiyo Susi aliuona Mji Mkongwe katika siku zake za utajiri na za aibu pamoja. Majahazi yalijaa bandarini, karafuu zilianikwa, milango ya nakshi ilichongwa kwa ajili ya nyumba za matajiri, na kule Mkunazini watu waliuzwa kila siku. Tarehe 19 Machi msafara uliondoka kwa manowari ya Penguin kuelekea Mikindani na Ruvuma. Walikuwamo askari wa Kihindi 13, watu wa Anzuani 10, vijana 9 wa shule ya Nasik, Susi na Amoda wa Shupanga, na Chuma na Wikatani. Kati ya hao wote ni wachache mno waliofika mwisho.

Ni desturi ya vitabu vingi kumsifu Susi kana kwamba hakuwahi kuyumba. Si kweli, na sifa ya namna hiyo humpunguzia heshima badala ya kumwongezea. Watu wa Anzuani walitoroka mwezi Septemba 1866 wakaeneza habari ya uongo kwamba bwana wao ameuawa. Mwezi Aprili 1868 Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, sehemu kubwa ya waliosalia walikataa kumfuata, na Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa waliokataa. Walikuwa wamechoka, wana njaa, na hawakuona sababu ya safari hiyo. Livingstone alikwenda na watu watano tu. Baadaye mwaka huo huo waliorudi walipokewa tena bila kulipizwa kisasi. Aliyewahi kuongoza watu atafahamu uzito wa jambo hilo kwa pande zote mbili. Baada ya hapo Susi hakumwacha tena. Katikati ya mwaka 1870, katika nchi ya Manyema, wengine walipojitenga, waliobaki na Livingstone walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner.

Mwezi Novemba 1871, Stanley alipokaribia Ujiji na bendera yake, mtu wa kwanza kutoka kumlaki alikuwa Susi. Alimsalimu kwa Kiingereza, akathibitisha kwamba daktari yu hai, kisha akakimbia kurudi kumpasha habari bwana wake. Salamu maarufu ya Stanley kwa Livingstone imerudiwa mara elfu na elfu. Iliyotangulia, ya Susi, haikumbukwi na wengi.

Safari ya mwisho ilianza Unyanyembe mwezi Agosti 1872, wakiwa wameongezewa watu kutoka pwani, akiwemo Yakobo Wainwright, kijana msomi wa shule ya Nasik. Masika ya mwaka 1873 yaliwakuta katika mabwawa ya Bangweulu. Livingstone alikuwa akitokwa damu na hakuweza kutembea. Katika kuvuka mito yenye matete walimbeba mabegani kwa zamu, na katika mto mmoja Susi aliyetangulia maji yalimfika mdomoni huku mgonjwa akiwa juu yake. Aliposhindwa hata kubebwa mabegani walimtengenezea machela. Walikata fito mbili ndefu za kiasi cha futi 7, wakazifunga kwa vijiti vya futi 3, wakatandika majani na blanketi juu yake, wakaining'iniza kwenye mti wa kubebea. Kwa machela hiyo walimfikisha kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, nao waliotangulia walikuwa wamekwisha kuanza kumjengea kibanda.

Usiku wa tarehe 30 Aprili mgonjwa alimwita Susi. Alitaka kujua kelele za nje ni za nini, naye akaelezwa kuwa watu wanafukuza nyati mashambani. Akauliza kama mto ulio karibu ni Luapula, na zimebaki siku ngapi kuufikia. Susi alimwambia kwa hesabu yake ni siku tatu. Baadaye alimchemshia maji na kumsogezea sanduku la dawa, kisha akaruhusiwa kwenda kulala. Kabla ya mapambazuko kijana Majwara, aliyekuwa akilinda mlangoni, alikuja kumwamsha kwa hofu. Wakaingia wakamkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimelala juu ya mikono yake, na mwili umekwisha kupoa.

Hapa ndipo inapoanza habari ambayo kwa ajili yake Susi anastahili kukumbukwa. Hapakuwa na Mzungu, hapakuwa na amri, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza lolote kama wangezika na kuondoka. Waliketi wakashauriana. Waliwachagua Susi na Chuma kuwa viongozi wao, wakaapa kuwatii, na wakakata shauri kuupeleka mwili Unguja. Katika nchi nyingi walizokuwa wavuke, kubeba maiti kulihesabiwa kuwa ni kubeba uchawi. Kila mtu alijua anachokubali. Walijaribu kwanza kumficha Chitambo, lakini mfalme huyo alipopata habari aliwahurumia, akaja na watu wake kuomboleza kwa heshima zote.

Kazi yote iliyofuata ilikuwa kazi ya miti. Mbali kidogo na kijiji walijenga boma imara la magogo kuzuia wanyama, na ndani yake nyumba isiyo na paa ili jua liingie. Farjala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, aliutoa moyo na matumbo, vikatiwa katika sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti wa mvula, Yakobo Wainwright akisoma ibada ya mazishi. Mwili ulitiwa chumvi na kuanikwa kwa siku 14. Kisha walibandua gome la mti kwa mzunguko mzima bila kulipasua, wakapata kitu mfano wa bomba, wakautia mwili humo, wakashona turubai juu yake na kupaka lami. Wainwright alichonga jina na tarehe katika shina la mvula. Kando yake walisimamisha miimo miwili minene na kizingiti cha juu, mfano wa fremu ya mlango, wakaipaka lami isiliwe na mchwa. Mtu aliyezoea milango ya Unguja angeweza kustaajabu kukuta katika msitu ule mlango usio na nyumba.

Safari ilichukua kiasi cha miezi tisa. Mwanzoni karibu msafara wote uliugua, wakasimama kwa mwezi mzima. Katika mji wa Chawende palizuka ugomvi, wakaingia kwa nguvu na damu ikamwagika. Jambo hilo si la kujivunia, nalo limo katika masimulizi yao wenyewe. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron aliyetumwa kutoka Uingereza kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo, maana njia ya mbele ni ya hatari. Walikuwa wapagazi na watumishi mbele ya afisa wa jeshi la majini, na bado walikataa. Hawakupiga kelele, walieleza tu kwamba wamekwisha kukata shauri. Cameron akawaacha waendelee.

Hatari aliyoitabiri ilikuja kweli, huko Kasekera. Wenyeji walizuia maiti isipite. Susi na wenzake wakajifanya wamekubali kuirudisha Unyanyembe ikazikwe. Usiku waliufungua mzigo, wakautoa mwili katika gome na kuufunga upya kama robota la nguo za biashara. Kisha walikata mabua ya mtama kwa urefu wa mtu, wakayaviringisha kwa nguo kama maiti ifungwavyo. Watu sita walilibeba furushi hilo mbele ya macho ya wote, wakashika njia ya Unyanyembe kwa huzuni. Giza lilipoingia waliyatawanya mabua porini, mmoja mmoja akarudi kwa njia yake, na msafara ukaendelea kuelekea pwani ukiwa na robota moja zaidi ambalo hakuna aliyelihesabu.

Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mwili ulipokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha manowari ya Vulture ikauvusha hadi Unguja. Mji alioukuta Susi haukuwa ule wa mwaka 1866. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa Juni 1873, ambao Seyyid Barghash aliutia sahihi wiki chache tu baada ya kifo cha kule kwa Chitambo. Na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa lilikuwa limewekwa papo hapo sokoni. Livingstone, aliyeyaandika maovu ya biashara hiyo kwa miaka mingi, alipita bandarini akiwa robota, asijue.

Mapokezi ya watu waliomleta yalikuwa ya haraka na baridi. Kaimu balozi, Kapteni Prideaux, aliwalipa ujira wao, wakaambiwa wamemaliza. Meli ikaondoka na mwili, na katika wale wote waliovumilia njia ile, aliyepata nafasi ya kufuatana nao ni Yakobo Wainwright peke yake. Maziko yalifanyika katika kanisa la Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walikuwa Unguja.

Rafiki wa Livingstone, James Young, ndiye aliyeona kasoro hiyo akagharimia safari yao. Walifika Uingereza baada ya maziko. Katika nyumba ya Mchungaji Horace Waller walikaa naye siku nyingi wakifafanua daftari za marehemu, majina ya mito, ya watu na ya vijiji, na kusimulia yale ambayo daftari haziwezi kusema, yaani siku za mwisho na safari ya kurudi. Kitabu cha safari za mwisho kilichotoka mwishoni mwa mwaka huo kisingekamilika bila wao. Lipo jambo jingine walilolifanya huko, dogo, lakini linamwonyesha Susi alivyokuwa: walitafuta miti na nyasi wakajenga mfano wa kibanda cha kwa Chitambo, ili jamaa na marafiki wa marehemu waone kwa macho. Pengine mikono yao ilieleza vizuri zaidi kuliko Kiingereza chao. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia iliwapa nishani. Za wenzao zilifika Unguja mwaka 1875, na wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Chuma alikuwa kiongozi wa misafara mashuhuri, akaiongoza misheni ya Vyuo Vikuu kwenda Nyasa na baadaye msafara wa Joseph Thomson, hadi alipofariki Unguja mwaka 1882 angali mtu wa makamo. Susi alichukuliwa na Stanley mwaka 1879 kwenda Kongo akiwa mkuu wa watu wa Unguja. Huko pia palikuwa na shoka na magogo. Ilibidi kufyeka njia kando ya maporomoko ya mto na kuburuta meli kwa vipande juu ya vilima, kazi iliyoua wengi. Susi alitumwa kuzungumza na Ngaliema, mkuu wa Ntamo, kuhusu mahali pa kujenga kituo, ambacho kuanzia mwishoni mwa 1881 kiliitwa Leopoldville na leo ni jiji la Kinshasa. Faida ya kazi hiyo iliishia mikononi mwa mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mateso ya watu wa Kongo yaliyofuata hayawezi kusahauliwa. Ila hilo mkata njia hakuwa na uwezo wa kuliona.

Aliporejea Unguja aliingia katika utumishi wa misheni ya Vyuo Vikuu, katika siku za Askofu Smythies. Vituo vya Masasi na Newala, na baadaye Likoma ndani ya ziwa Nyasa, vilihitaji nguo, vitabu, dawa na watu, na hakuna kilichofika bila msafara. Mnyapara mzuri alijua kuchagua wapagazi, kugawa mizigo, kusalimu machifu na kulipa hongo isiyozidi, na kuhakikisha mgonjwa haachwi njiani. Wamisionari waliokuwa wageni kabisa barani waliwekwa mikononi mwake. Alikuwa bado Mwislamu. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amesikia sala za Kikristo asubuhi na jioni bila kubadilisha dini yake, na hakuna aliyemlazimisha.

Mwaka 1886 aliomba ubatizo, akabatizwa Unguja. Jina alilopewa lilikuwa Daudi, jina la yule aliyemwajiri Shupanga kukata kuni miaka 23 nyuma. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa na Askofu Steere na kufunguliwa kwa ibada siku ya Krismasi ya 1879, lilikuwa limesimama mahali ambapo Susi alipotua mara ya kwanza watu walikuwa bado wakiuzwa.

Mwaka uliofuata, 1887, mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Unguja njiani kwenda Dar es Salaam, ambako kazi ya Kilutheri ya pwani ilianza. Miaka 43 kabla yake Mlutheri mwingine, Dk. Krapf, alikuwa amepita bandari hiyo hiyo akapewa barua ya idhini na Seyyid Said. Wakati wa Greiner, Mzee Daudi Susi alikuwa angali kazini katika mji huo, akifunga na kufungua mizigo ya misafara.

Alifariki Unguja mwezi Mei 1891. Mwaka 1899 ule mvula wa kwa Chitambo, uliokuwa umeanza kuoza, ulikatwa, na kipande chenye maandishi ya Wainwright kikapelekwa London. Mbao zake nyingine zilichongwa msalaba, ukaletwa Unguja na kuwekwa katika kanisa la Mkunazini, nao ungali humo.